Mchezo wa Kamirithu

Msomaji, huku Marani, penye milima mingi na mashamba madogo, kila mzazi anajua mahali alipoiweka hati ya shamba lake. Kwa hiyo hutaona taabu kuifahamu habari hii ya Kamirithu, kijiji kilichoko Limuru.

Katika mwaka wa 1976 wanakijiji walianza kujifunza kusoma na kuandika katika kituo chao. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliwaandikia mchezo kwa lugha ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ambao baadaye ulifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Wakulima na vibarua waliusahihisha, wakajenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakawa waigizaji. Katika mchezo huo Kiguunda, mwenye ekari moja na nusu tu, anashawishiwa na tajiri Kioi kufunga ndoa kanisani. Anaweka hati yake rehani benki ili apate fedha za harusi. Deni linamshinda, shamba linanadiwa, na mnunuzi ni Kioi yule yule.

Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali iliufutia kibali. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 jukwaa lilibomolewa.

Husemwa kuwa tamthilia ni kioo cha jamii. Ni kweli, lakini si kweli yote. Ni nani aliyepata kuogopa kioo hata akakipiga marufuku? Arthur Miller wa Marekani aliandika The Crucible mwaka 1953 juu ya kesi za uchawi za mwaka 1692, na nchi yake ikajiona ilivyowasaka wakomunisti. Mwaka 1956 yeye mwenyewe aliitwa kuhojiwa na kamati ya Bunge. Kioo huonyesha kovu. Tamthilia huonyesha kovu na mkono uliojeruhi. Aliyedhani deni lake ni bahati mbaya yake peke yake, akiliona limechezwa mbele ya umati, hutambua kuwa lina mwenyewe.

Mchezo wa Kamirithu haukurudisha ekari hata moja. Lakini ulimfunza mtunzi wake: akiwa kizuizini alianza kuandika riwaya kwa Kikuyu, juu ya karatasi za chooni.

Basi, msomaji, utakapotazama mchezo wa shule, usiulize tu kama umekuchekesha. Uliza ni nani aliyepoteza shamba, na ni nani aliyelinunua.