'Aks' na 'ask': Kosa lililowahi kupigwa chapa katika Biblia

Mtu akitamka 'aks' mahali pa 'ask', kitenzi cha Kiingereza cha kuuliza na kuomba, hukumu humfikia kabla hajamaliza sentensi. Huambiwa kwamba amegeuza sauti, hakusoma, ulimi wake mvivu. Marekani lawama hiyo huwaangukia zaidi watu weusi. London huwaangukia vijana ambao wazazi au babu zao walitoka visiwa vya Karibi. Ni hukumu nzito, maana inaweza kumfuata mtu darasani na hata kwenye usaili wa kazi. Nayo haina msingi. Matamshi hayo yana zaidi ya miaka 1,000 ndani ya Kiingereza, na historia ya kitenzi hiki pamoja na visawe vyake inaonyesha kwamba heshima ya neno hutoka kwa watu wanaolitumia na madaraka waliyo nayo. Hakuna sauti iliyozaliwa na hadhi yake.

Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na sura mbili za kitenzi hiki: 'ascian' na 'acsian'. Zote mbili ziliandikwa na watu waliosoma, na ya pili ilienea sana katika maandishi ya Wessex, ufalme wa kusini. Sauti kubadilishana nafasi namna hiyo ni jambo la kawaida katika lugha. Nyigu aliitwa 'wæsp' na pia 'wæps', na leo Waingereza wanasema 'wasp'. Ndege alikuwa 'bridd', akawa 'bird'. Neno la 'tatu' katika mpangilio lilikuwa 'thridda', likawa 'third'. Profesa anayesema 'bird' anatumia neno lililogeuzwa, na hakuna mwalimu anayemkemea. Kama kugeuza sauti ni uvivu wa ulimi, basi lawama ianzie hapo.

Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400 na ambaye Waingereza humhesabu miongoni mwa baba wa fasihi yao, aliandika kitenzi hiki kwa 'x', yaani kwa matamshi ya 'aks'. William Caxton, aliyeleta mtambo wa kwanza wa kuchapa Uingereza mwaka 1476, aliandika hivyo hivyo. Katika dibaji ya kitabu chake cha 1490 anasimulia habari ya wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri kwa merikebu kupitia mto Thames kuelekea Zeeland. Upepo ulikosekana, wakatua pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja wao akaingia nyumba moja akataka mayai, akitumia neno la kaskazini, 'eggs'. Mama wa nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule bwana akakasirika, maana naye hakujua Kifaransa. Ndipo mwenzake akataja 'eyren', mayai kwa lahaja ya kusini, na mama akaelewa mara moja. Caxton alikuwa akilalamikia ugumu wa kuchagua neno la kuchapa pale nchi moja inapokuwa na maneno mawili kwa yai moja. Kitenzi alichotumia mwenyewe, pale anapoeleza kwamba bwana yule aliomba mayai, ni kile chenye 'x', wala hakuona haja ya kukitolea maelezo. Miaka 45 baadaye, Biblia ya Miles Coverdale ya 1535, ya kwanza kamili kuchapwa kwa Kiingereza, ilikipiga chapa vivyo hivyo katika Mathayo 7:7.

Hadi karibu mwaka 1600 umbo hilo lilikuwa la kawaida katika maandishi. Kisha 'ask', lililokuwa na nguvu zaidi kaskazini, likashika nafasi, na Biblia ya Mfalme James ya 1611 ikalitumia. Halikushinda kwa utamu wala kwa wepesi. Lilishinda kwa sababu ndilo lililokubalika London, mjini mwa wachapaji, mahakimu na watawala.

Visawe vyake vinatoa ushahidi huo huo. Zamani Waingereza walitenganisha mambo kama tunavyotenganisha sisi: 'frignan' ilikuwa kuuliza, 'biddan' ilikuwa kuomba. Wajerumani wamebaki na jozi hiyo mpaka leo, 'fragen' na 'bitten'. Waingereza walimwachia 'ask' kazi zote mbili, na ndiyo maana mfasiri wa Kiswahili hana budi kutazama muktadha kwanza: katika Mathayo 7:7 Biblia yetu ina kuomba, wala si kuuliza. Baada ya 1066 Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na mahakama. 'Demander', ambacho kwa Mfaransa ni kuuliza au kuomba tu kwa kawaida, kilipokelewa Uingereza kikiwa kitenzi cha kesi na haki, kikaishia kuwa kudai. Kutoka Kilatini kikaja 'interrogate', na hicho leo kinanuka chumba cha polisi. Mkulima aliuliza kwa neno la nyumbani, hakimu kwa neno la mabwana. Kiswahili nacho kina tabaka kama hizo: kuuliza ni ya Kibantu, kusaili na kuhoji zina asili ya Kiarabu, na anayehojiwa anajua kwamba hakuulizwa tu.

Wapo watakaosema kwamba 'aks' ya leo haihusiani na ya Chaucer, ni kosa jipya lililofanana kwa bahati. Lakini umbo hilo halikufa lilipotoka vitabuni. Liliendelea midomoni mwa watu wa kusini na katikati ya Uingereza, na kutoka huko walihama wengi kwenda Amerika na Karibi katika karne ya 17. Waafrika waliotumikishwa huko walijifunza Kiingereza kwa kuwasikiliza wasimamizi na vibarua hao, si kwa kusoma vitabu vya London. Walichosikia ndicho walichorithisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: sanifu ni sanifu, na mtoto asiyeijua atakosa kazi. Kweli, afundishwe 'ask'. Ila asidanganywe kuhusu sababu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, haukumfanya Mmvita anayesema 'mato' kwa macho, au 'ndoo' kwa njoo, kuwa mkosaji. Shule, serikali na wachapaji walihitaji umbo moja, wakachagua. Kumwambia mtoto kwamba hili ndilo tulilokubaliana kuliandika ni kumpa elimu. Kumwambia kwamba mama yake anasema vibaya ni kumvunjia mama yake heshima kwa jambo lisilo kweli. Walimu wa Kiingereza, hapa kwetu na kwingineko, sahihisheni daftari, lakini siku hiyo hiyo mwandikieni mwanafunzi ubaoni neno la Coverdale na mwaka wake, 1535.