Shilingi Mia Mbili za Chaji

Mwaka 2004 nilipata habari ya kifo cha dada yangu siku ya pili baada ya maziko. Mimi nilikuwa hapa Rahaleo, yeye kijijini upande wa mto Ruvuma, safari ambayo mtu mwenye haraka angeimaliza kwa nusu siku hata kwa magari yetu ya wakati ule. Simu zilikuwapo. Mimi nilikuwa na yangu, na mpwa wangu alikuwa na yake, Nokia 1100 yenye tochi kichwani, aliyoinunua kwa fedha za korosho. Lakini usiku ule simu yake ilikuwa imezima, na asubuhi ilikuwa katika foleni kwenye kibanda cha kuchajia, ikingoja jenereta iwashwe jioni. Majirani walikuwa na simu zao, naam, ila nambari yangu ilikuwa ndani ya simu ile ile, wala hapakuwa na aliyeikariri.

Sikumlaumu kijana. Baada ya hitima nilikwenda kukiona hicho kibanda. Meza ya mbao, nyaya zimefungamana kama mizizi ya mikoko, simu kadhaa zimelala chali, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe. Bei ilikuwa shilingi mia mbili kwa simu moja. Nyuma, chini ya mwembe, jenereta dogo la petroli likiunguruma na kutoa moshi.

Mtu akiwa mwalimu hukaa mwalimu hata msibani. Nikachukua penseli.

Betri ya simu ile ilikuwa na uwezo wa miliampea-saa 850 kwa volti 3.7, yaani kama wati-saa tatu hivi. Uniti moja ya umeme, ile tununuayo kwa LUKU, ni wati-saa 1,000. Tuseme chaja mbovu ya siku zile ilivuta wati-saa tano ili kuijaza betri. Basi uniti moja ingejaza simu 200. Mara shilingi mia mbili: watu wa kijiji cha dada yangu walikuwa wakinunua umeme kwa shilingi 40,000 kila uniti! Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea nukta. Sijapata kuona mahali pengine ambapo maskini huuziwa kitu kwa bei ya kutisha namna hiyo bila mtu kupiga kelele, na kelele hazikupigwa kwa sababu mia mbili ni sarafu tu.

Mwenye kibanda hakuwa mnyang'anyi, la hasha. Lita moja ya petroli ina nguvu ya karibu uniti tisa. Jenereta lake lilikunywa lita hiyo kwa muda wa saa tatu hivi, nalo likajaza simu kama thelathini. Thelathini mara tatu ni wati-saa tisini. Katika sehemu mia za nguvu aliyoinunua, moja tu ndiyo iliyoingia katika betri. Tisini na tisa zilikwenda kuupasha joto mwembe. Jenereta lililotengenezwa kwa ajili ya kuendesha friji au mashine ya kuchomelea lilifanyishwa kazi ya kubeba unyoya, na injini hula hata ikibeba unyoya.

Wapo waliokwepa foleni kwa kuunga betri nne za redio na kuzifunga kwa mpira wa baiskeli. Hao walilipa zaidi, maana betri kavu hutumia nguvu nyingi kiwandani kuliko itakayokuja kuitoa.

Mjini nako tusijisifu. Wakati ule umeme wa Mtwara ulitokana na dizeli, ilhali gesi ilikuwa imegunduliwa Mnazi Bay tangu 1982, mimi nikiwa mwalimu kijana. Robo karne ilikaa chini ya miguu yetu. Gesi ilipoanza kuendesha mitambo ya hapa, mnamo 2007, hesabu ilibadilika kabisa. Injini kubwa ya gesi hugeuza kama theluthi ya nguvu, au zaidi kidogo, kuwa umeme. Ukitoa unaopotea njiani katika nyaya, na ndani ya chaja, na ndani ya betri yenyewe, bado simu hupata karibu sehemu ishirini katika mia. Ishirini kwa moja. Bomba la kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa 2015, na damu iliyomwagika hapa mwaka 2013 kwa sababu yake, vinataka kurasa zake vyenyewe, nami sitavichanganya na habari za chaja.

Chaja nazo zilikuwa na makosa yake. Zile nzito za zamani zilibeba transfoma, chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, nazo ziliendelea kunywa umeme hata simu ikiwa imeondolewa. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi: ukitaka kujua umeme wako unakopotelea, gusa kwa mkono, penye joto ndipo. Mwaka 2008 watengenezaji wakubwa, Nokia na Samsung wakiwamo, walikubaliana kuzipa chaja nyota kulingana na uchache wa umeme unaotumika zikiwa zimechomekwa bure. Za leo ni nyepesi, ukizigusa bila simu ni baridi.

Juzi mjukuu wangu alikuja likizo na kisahani cha kuchajia bila waya. Aliiweka simu juu yake kwa maringo. Nikaugusa mgongo wa simu. "Babu, mbona unaipapasa?" Nikamwambia napima hasara. Hata hivyo nilikuwa mwadilifu, nikamfanyia hesabu kamili: simu yake, yenye betri mara sita ya ile ya mpwa wangu, ikijazwa kila siku kwa waya hula kama uniti tisa kwa mwaka mzima. Pasi ya wati 1,000 huzimaliza kwa saa tisa. Kwa hiyo nilimwachia kisahani chake, na nikamkataza kunyoosha shati moja moja.

Kijijini umeme wa gridi umefika, kwa miradi ya umeme vijijini. Kabla yake mpwa wangu alikuwa na paneli ndogo ya sola. Mwanzoni aliiunga kwenye betri ya gari, kisha inveta, kisha chaja ya ukutani: volti 12 zipandishwe hadi 230, halafu zishushwe tena hadi tano. Nilimwambia hiyo ni sawa na kupanda mnazi na dafu mkononi ili uliangushe upate kulinywa. Akatupa inveta, akanunua kifaa cha kuchajia moja kwa moja.

Mwaka jana nilimtembelea, nikaiona paneli ile bado iko juu ya bati la jikoni, imefutwa vumbi, ingawa waya wa umeme unapita juu yake. Nikamwuliza anaiwekea nini.

"Mjomba," akasema, "umeme hukatika." Kisha akanitajia nambari yangu ya simu, tarakimu zote kumi, bila kutazama popote.