Ngozi Inayowasha na Samaki wa Bwana Küstner

Sogeeni karibu na redio. Wekeni kalamu chini kwanza, maana leo nina habari ya ugonjwa ambao wengi wenu mmeuona nyumbani. Mtoto hujikuna viwiko na nyuma ya magoti usiku kucha, na mama halali. Ndio pumu ya ngozi. Wako wasemao mtoto amerogwa, au ataambukiza wenzake. Hauambukizi hata kidogo.

Mwaka 1921, katika mji wa Breslau, ambao wakati ule ulikuwa wa Ujerumani, walikuwako madaktari wawili, Prausnitz na Küstner. Bwana Küstner akila samaki aliyepikwa, mwili wake huwasha na kuvimba. Mwenzake alikula samaki bila taabu. Basi Prausnitz alichukua maji ya damu ya Küstner, akajidunga chini ya ngozi ya tumbo. Kesho yake akajidunga maji ya samaki mahali pale pale. Pakavimba, pakawasha! (Msijaribu; damu ya mtu yaweza kubeba maradhi.) Kumbe kulikuwa na kitu ndani ya damu. Mwaka 1966 mume na mke Wajapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, walikitambua huko Marekani: ni kingamwili, na jina lake IgE.

Lakini ni nani aamuruye kingamwili hiyo itengenezwe? Ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Hupelekeana ujumbe kwa protini ndogo sana ziitwazo intalukini. Katika pumu ya ngozi, intalukini ya 4 na ya 13 hutolewa kupita kiasi, kama mgambo apigaye mbiu ya vita kwa sababu ya vumbi tu. Ngozi hudhoofika kama ukuta wa udongo uliopasuka. Vumbi hupenya, mbiu hulia tena. Ya 31 huchokoza mishipa ya fahamu, mtoto hujikuna, na ukuta huzidi kupasuka.

Mwaka 2017 Marekani iliruhusu dawa ya sindano izibayo masikio ya chembe zisisikie ujumbe wa 4 na 13. Tusidanganyane: bei yake si ya mkulima wa kahawa.

Hapa Moshi, Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka 1992 kikaanza hapo kituo cha kufundisha waganga wa ngozi, chini ya Daktari Henning Grossmann kutoka Ujerumani. Wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika, wakarudi kwao kutibu. Dawa yao ya kwanza ni rahisi: mtoto akitoka kuoga, kabla ngozi haijakauka, apakwe mafuta ya mgando, yazibe nyufa. Dawa kali ya kutuliza uwasho ipimwe na mganga. Ikipakwa ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni: ngozi, chembe, ujumbe, ukuta. Kwaherini mpaka Alhamisi.