Vyuma vya ilimba visivyopigwa

Wadau, hapa UDOM ukisikia resonansi, mfano ni bembea au daraja la Ulaya. Wakati Ugogo kwenyewe kuna ilimba! Sanduku la mbao, juu vyuma vyembamba unavyovipiga kwa vidole gumba. Sasa ilimba kubwa zina vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa, ila sauti zake zimelinganishwa na za vile anavyovipiga. Kimoja kikitetemeka, mwenzake anapokea misukumo inayolingana na mwendo wake wa asili, naye anaanza kuvuma mwenyewe.

Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma, aliitwa Dar na Mwalimu Nyerere miaka ya 1960, baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 1996 albamu yake Chibite ikatoka Uingereza. Alifariki Desemba 2003, na mpaka leo tunamtaja kama msanii wa ngoma za asili, basi. Mimi nabisha. Mtu anayehangaika kulinganisha sauti ya chuma asichokusudia kukipiga anaijua resonansi, fomula awe nayo asiwe nayo.

BTP ikifika naingia nayo darasani. Tutavibana kwa kitambaa vile visivyopigwa, tusikie sauti inavyowahi kufifia.