Kukonda na Maneno ya Watu

Daktari aliponiambia nipunguze uzito, niliingiwa na hofu. Kupunguza wali na chapati ningeweza. Nilichoogopa ni kukonda. Mama watoto naye alikuwa na hofu hiyohiyo. "Baba, ukipungua hivyo, watu watasemaje?" aliniuliza. Mimi nilikuwa na sukari na shinikizo la damu, lakini tulichofikiria kwanza ni majirani.

Vijana wa leo watacheka. Lakini, ndugu msomaji, hofu hiyo ina historia yake.

Sisi tuliokulia chini ya milima ya Uluguru tulifundishwa tangu utotoni kwamba mwili ni ushahidi: aliyenawiri ameshiba, aliyekonda ana shida. Mambo yaliyofuata yaliikaza imani hiyo. Ukame wa 1973 na 1974 ulituletea unga wa yanga. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, sabuni na mafuta viliadimika, tukapanga foleni. Katika siku hizo kitambi kilikuwa kama cheo.

Kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera. Huko watu waliuita Juliana. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita Slim, yaani mwembamba. Huku kwetu tulisema fulani "amekanyaga waya". Tangu hapo, aliyepungua alihukumiwa bila kupimwa.

Mwaka 1991 mwalimu mwenzangu alianza kupungua. Alikuwa akinywa maji kupita kiasi, na usiku halali kwa kwenda haja ndogo. Alikula vizuri, na bado alikonda. Sisi wenzake, watu wa chaki na vitabu, hatukuijali kiu yake. Tuliyatazama mashavu tu. Tulinong'ona. Mimi, naandika haya kwa aibu, niliacha kutumia kikombe alichotumia yeye, ingawa tulikwisha kuelezwa kuwa ugonjwa ule hauambukizwi kwa vyombo. Mwenyewe naye aliamini tulivyoamini, akakataa kwenda kupimwa. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui. Kumbe ilikuwa kisukari. Tulimzika wiki ileile.

Baadaye nilielezwa kwamba mgonjwa wa kisukari akikosa insulini, mwili hushindwa kuitumia sukari iliyomo damuni, ukaanza kuyala mafuta na misuli yake wenyewe. Insulini iligunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, miaka sabini kabla ya msiba wetu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mwenzetu aliyaficha kwa sababu ya midomo yetu.

Leo mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, na wengi waishio na virusi wana afya na miili yao. Unene nao umekuwa ukileta kisukari kwa watu waliodhaniwa wamestawi. Na upungufu wa elimu umehamia upande wa pili: vijana wanakimbia juani wamevaa makoti mazito, wakidhani jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Jasho ni maji. Ukinywa, uzito unarudi.

Mimi nilipunguza chakula kidogo kidogo, nikaanza kutembea asubuhi kuelekea mlimani. Njiani hupishana na akina mama wa Kiluguru wakishuka sokoni na mikungu ya ndizi kichwani. Ni wembamba, na mlima huo wanaupanda tena wakirudi. Nani atawaita wagonjwa?

Kwa mwaka mmoja nilipungua kilo tisa. Jirani aliniuliza kwa sauti ya chini, "Shikamoo mzee. Unaumwa?" Nikamjibu, "Marahaba. Daktari ndiye aliyenituma." Ila nikamwambia pia: ukimwona mtu anakonda bila kukusudia, usimnong'one. Mshike mkono, mwende naye akapimwe. Mimi sikufanya hivyo mwaka 1991.