Gari la Mbao Kwenye Barabara ya Kusini

Septemba 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari za Waingereza ziliingia Kilwa. Kivinje na Kisiwani zikashikwa bila mapigano makubwa, na ndani ya miezi michache ghuba iliyozoea majahazi ya boriti za mikoko ikageuka kituo cha jeshi. Pamoja na askari, baghala na masanduku ya risasi, meli zilishusha kitu ambacho wengi wa pwani hii walikuwa wakikisikia tu: magari, na mengi yake yalikuwa Ford kutoka Marekani.

Wajerumani waliotawala hapa walikuwa na magari machache koloni zima. Lililovuma zaidi ni la Luteni Paul Graetz, aliyeondoka Dar es Salaam Agosti 10, 1907 na kufika Swakopmund, upande wa pili wa Afrika, Mei 1, 1909. Karibu miaka miwili barabarani, muda mrefu akisubiri petroli na vipuri. Naye alielekea bara, kusini hakuja.

Waingereza walileta pia malori mazito, lakini mvua za mwanzo wa 1917 zikayashinda. Mabonde ya Matandu na Mavuji yalijaa, tope likameza magurudumu, na wanyama wa mizigo waliokusudiwa kuokoa mambo wakafa kwa mbung'o. Kilichosalia ni mabega ya watu. Wapagazi walichukuliwa kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa, na hesabu yao haikuwekwa kwa uangalifu uliowekwa kwenye hesabu ya spana. Kwa hiyo tunapolisifu gari tukumbuke kwamba, mpaka mapigano ya Narungombe mwezi Julai na Mahiwa mwezi Oktoba mwaka huo, mzigo mkubwa wa vita ile ulitembea kwa miguu ya binadamu.

Hata hivyo Ford lilifika mahali ambapo lori halikufika. Lile la Model T lilikuwa na uzito wa kilo 550 hivi, injini ya nguvu za farasi 20, na tumbo lililoinuka juu kabisa ya ardhi. Likizama, wanaume wachache walilinyanyua wakalitua pakavu. Halikuwa na pampu ya mafuta: tangi lilikaa chini ya kiti, petroli ikateremka yenyewe hadi kwenye kabureta. Kwenye mlima mkali pua ya gari ikiinuka, petroli haifiki na injini inazima. Dereva mjuzi aligeuza gari akapanda mlima kinyumenyume. Kwa aliyekuwa hajaona gari maishani mwake, huo lazima ulikuwa mwanzo wa ajabu.

Tena sehemu kubwa ya gari hilo ilikuwa mti. Chasisi na injini zilikuwa chuma, lakini ukivua mabati ya bodi ulikuta kiunzi cha mbao, na bati limepigiliwa juu yake kwa misumari midogo. Magurudumu nayo yalikuwa ya mti, na spoki nene zilizochongwa zikabanwa ndani ya pete ya chuma. Jua la kiangazi lilizikausha, zikalegea na kuanza kulia kila gari lilipokata kona. Dawa yake ilikuwa kuliingiza gari majini, mtoni au dimbwini, magurudumu yalale humo usiku kucha hadi mti uumuke na kukaza. Fundi wa mashua wa Pande hahitaji kuelezwa jambo hilo. Chombo kikipandishwa pwani kikakaa juani muda mrefu hufunguka mishono, na kabla ya kushika pamba na kalafati atangoja aone maji yatafanya nini.

Naitaja Pande kwa sababu. Huku kusini mwa Kilwa Masoko, ng'ambo ya Songo Mnara, barabara kuu kwa karne nyingi ilikuwa bahari, na ufundi wa kuunga mti na mti ulikuwapo kabla gurudumu halijafika. Kiunzi cha gari la zamani ni binamu wa mataruma ya jahazi: mbao zilizofuata pindo la umbo, zikavikwa ngozi nyembamba juu. Tofauti ni kwamba ngozi ya jahazi ni mbao tena, na ya gari ni bati.

Baada ya vita biashara ya magari ilichukua sura ambayo historia zetu huipita haraka mno. Aliyeagiza gari Mombasa au Dar es Salaam mara nyingi aliletewa chasisi tupu: injini, magurudumu, usukani, na kioo cha mbele akibahatika. Kusafirisha bodi nzima ni kulipia hewa melini, na bodi za mji wa Detroit hazikufaa kubeba magunia. Bodi ilijengwa hapahapa. Waliojenga wengi walikuwa Kalasinga, baadhi yao wana wa maseremala na wahunzi walioletwa kutoka Punjab kwa ajili ya reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, wakisaidiwa na Waafrika waliojifunza kazi kwa kushika ncha ya pili ya msumeno. Mti ulikuwa karibu: mvule, mninga, mkongo. Walitandika sakafu ya mbao juu ya chasisi, wakasimamisha nguzo kwenye pembe, wakazifunga kwa boliti, wakaweka ubavu wa mbao unaofika kiunoni na paa la turubai. Ubavuni waliacha nafasi ya mapipa ya maji, sururu na koleo, kwa sababu gari lisilobeba koleo halikufika mbali.

Gari la namna hiyo, boksibodi kama lilivyoitwa Kenya, ndilo lililowabeba wawindaji mashuhuri. Bror Blixen na Denys Finch Hatton walilitumia, na Finch Hatton alimwongoza mrithi wa ufalme wa Uingereza kwenye safari za 1928 na 1930. Wamarekani Martin na Osa Johnson walikwenda Marsabit mwaka 1924 na magari ya Willys-Knight kupiga picha za tembo. Vitabu na filamu vimewahifadhi hawa wote. Seremala aliyechonga sanduku walilokalia hatajwi popote, na sioni kama ni kusahau tu. Aliyeandika aliona chapa ya injini, akadhani ameliona gari lote.

Marekani kwenyewe mti ulikuwa na bahati nyingine. Dodge ilianza mwaka 1914 na bodi za chuma zilizotengenezwa na kampuni ya Budd, na wengine wakafuata polepole. Kampuni ya Fisher, iliyotengeneza bodi za General Motors, iliendelea kuvika bati juu ya kiunzi cha mbao hadi katikati ya miaka ya 1930. Paa la chuma la kipande kimoja lilikuja mwaka 1935, na Chevrolet za 1937 zikaachana na kiunzi cha mbao. Ford naye alikuwa na msitu wake na kiwanda cha mbao huko Iron Mountain, Michigan, na gari lake la familia la 1929 lilionyesha mti waziwazi ubavuni. Vipande vilivyobaki hakuvitupa. Vilichomwa, vikasagwa, vikashindiliwa kuwa vitofali vya makaa vya kuchomea nyama, na biashara hiyo baadaye ikaitwa Kingsford. Inauza hadi leo. Msomaji wa Kilwa, anayeona magunia ya mkaa yakielekea Dar es Salaam kila siku, ataelewa kwamba Henry Ford hakuwa mbali sana na sisi.

Mti huo ndio unaowasumbua Wamarekani wanaofufua magari ya enzi hizo. Tangu Ford alipotoa injini ya V8 ya bei nafuu mwaka 1932, vijana wa kusini mwa California walikuwa wakinunua magari makuukuu, wakiyavua madigadi na kila kilicho kizito, wakichokonoa injini, kisha wakishindana mbio kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Chama chao kiliundwa mwaka 1937. Hawa walipenda Ford kuliko Chevrolet, na sababu moja kubwa ilikuwa ndani ya mlango. Ford lilikuwa na mbao chache. Mlango wa Chevrolet ulikuwa mti mtupu ndani: maji ya mvua huingia kwenye upenyo wa kioo, huteremka hadi ubao wa chini, hukaa hapo. Ubao ukioza, skrubu za bawaba hupoteza pa kushika, mlango huning'inia na kukataa kufunga. Kwa nje bati linang'aa. Likibinywa kwa kidole linarudi ndani.

Kwa hiyo fundi wa kule ana njia mbili. Wapenda mbio hung'oa mbao zote na kuchomelea mabomba ya chuma mahali pake. Wapenda asili huagiza seti ya mbao mpya zilizokatwa kwa mashine kufuata vipimo vya kiwandani, na kuilipia fedha nyingi, kisha huanza kazi ya kufungua kingo za bati moja moja bila kulipasua.

Huku kwetu kisa kilipinduka. Mbao ndiyo sehemu ambayo hatukuhitaji kuiagiza. Kabureta ikifa ulingoja meli, lakini ubavu ukivunjika ulikwenda kwa fundi. Ndiyo maana naona si haki kuyaita magari haya masalio ya umaskini, kama wanavyofanya watalii wanaoyapiga picha. Mti ndio ulioyaongezea umri.

Angalia Unguja. General Motors walikuwa wakiunganisha malori ya Chevrolet Uingereza, na mwaka 1931 kazi hiyo ikazaa chapa ya Bedford. Bedford zilikuja Zanzibar kwa wingi, zikavishwa bodi za mbao, zikawa gari za shamba: mabenchi mawili yanayotazamana, paa la mbao la kubebea ndizi, mafenesi na baiskeli, na utingo ananing'inia nyuma. Wajuzi wanapanda kwa namba, 309 ya Jambiani, 326 ya Kizimkazi. Injini ya asili ikichoka huwekwa ya dizeli ya Kijapani, bodi ikabaki ileile, na mbao iliyooza hubadilishwa peke yake. Kijana wa California angelitambua gari hilo mara moja, ila angeshangaa limeongezewa nguvu kwa ajili ya mihogo.

Ugeuzaji mkubwa kuliko wote ulitokea Tanganyika katika Mradi wa Karanga ulioanza mwaka 1947. Kongwa, Urambo na Nachingwea zilipaswa kuilisha Uingereza mafuta ya kula. Matrekta hayakupatikana baada ya Vita vya Pili vya Dunia, basi kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman, ikavivua mizinga, ikavifanya matrekta ya kung'oa visiki. Visiki vikashinda. Mkoani Lindi ilijengwa reli kutoka Mkwaya hadi Nachingwea, ikafunguliwa mwaka 1949. Mradi ukakatwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Mzigo wa kusini ukarudi kwenye lori la bodi ya mbao, ukapita Mbwemkuru na Matandu hadi kivuko cha Ndundu kwenye mto Rufiji, na masika yalipokuja ukakaa foleni kwa siku kadhaa.

Serikali ilitaifisha kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka 1974 yakatokea mashirika ya mabasi ya UDA na KAMATA. Mabasi mapya ya chuma yakaja. Kisha fedha za kigeni zikakauka, vipuri vikakosekana, na mabasi yakalala gereji. Watu wa mjini wakapanda chai maharage, pikapu zenye mabenchi ya mbao yanayotazamana, abiria magoti kwa magoti. Seremala aliyedhaniwa amepitwa na wakati akarudi kazini.

Kilichomaliza bodi ya abiria huku kusini ni daraja na lami. Daraja la Mkapa, mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003; lami ikajazia vipande vilivyobaki miaka iliyofuata, na basi la Kichina la viyoyozi sasa linapita Nangurukuru bila kusimama sana. Mti wenyewe pia umekuwa ghali. Mninga mzuri haupatikani kando ya njia tena, na kuuvuna kunahitaji kibali. Sifa ziende Kilwa: vijiji vya Kikole na Kisangi mwaka 2009 vilipata hati ya kimataifa ya uvunaji endelevu wa msitu wa asili, vya kwanza Afrika kwa misitu ya vijiji.

Nairobi kuna mashindano ya kila mwaka ya magari yaliyotunzwa, yaliyoanza 1970, na Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yanahifadhi magari ya viongozi. Ningependa kuona hapo lori moja la kawaida la bodi ya mbao. Kulijenga upya si kazi ya kushindikana. Chasisi za Bedford bado zimo nyuma ya magereji mengi, na fundi wa majahazi anaweza kuchukua kipimo cha ubao uliooza kwa kuuweka juu ya mpya na kuchora kwa mkaa. Kitakachomsumbua ni kona za paa, ambako ubao mmoja unapinda pande mbili kwa pamoja. Huko tezo haitoshi, atahitaji kutafuta tawi lililojipinda lenyewe, kama atafutavyo taruma la tezi. Na kabla hajakata, atahitaji kibali cha msitu.