Mchorachapa si Mchapishaji

Kwenye maonyesho fulani ya sanaa nilikuta kibandiko pembeni mwa picha ya lino: “Kazi ya msanii mchapishaji.” Nikajiuliza huyo mchapishaji kachapisha kitabu gani. Kumbe aliyekusudiwa ni yule aliyeikata lino kwa patasi, akaipaka wino, akaikandamizia karatasi, kisha akaandika 4/20 kwa penseli chini ya picha. Nilirudi nyumbani nimenuna, na makala haya ni matunda ya kununa huko.

Mchapishaji ni mwenye mtaji. Wajapani walilijua hilo zamani. “Wimbi Kubwa” la Hokusai, la mnamo 1831, lilitolewa na mchapishaji Nishimuraya Yohachi. Hokusai alichora, fundi mwingine akachonga mbao, mwingine akazipaka rangi na kupiga chapa. Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alitoa picha yake ya mvuvi akiwa amechora, amechonga na kupiga chapa mwenyewe. Kwa lugha ya kibandiko kile, Yamamoto na Nishimuraya ni mtu mmoja.

Istilahi ninayoipendekeza, na niliyoipendekeza zamani bila kusikilizwa, ni mchorachapa.

Tuanze na chapa. Neno hili limetujia na wafanyabiashara wa Kihindi, ambao kwao chhap ni alama iliyogandamizwa, iwe ya muhuri au ya nguo. Wapo wanaoshikilia kwamba asili yake ni Kireno, chapa, yaani bamba la chuma. Siwafuati, ila siwaogopi: bamba la shaba ndilo hasa chombo cha sanaa hii, hivyo wakishinda wao, nimeshinda mimi. Ama kitenzi kuchapa, cha fimbo na bakora, nacho hakikosi mahali, maana karatasi haipati picha bila kubanwa.

Chora ndiyo roho ya hoja yangu. Leo tunaifikiria penseli, lakini kamusi za zamani zinaitaja pia kama kukata nakshi kwenye kitu kigumu. Kitenzi kimoja, basi, kinabeba mkono unaobuni na mkono unaokata. Bahati kama hii lugha haitoi kila siku, na inasikitisha kuona wataalamu wakiipita kama mtu anayepita sarafu barabarani kwa kuona aibu kuinama.

Mwenzangu mmoja, msomi mwenye sauti kubwa vikaoni, anapigania “mchongachapa.” Basi atuonyeshe kilichochongwa pale sindano inapokwaruza nta juu ya bamba na tindikali kulila bamba lenyewe. Atuonyeshe patasi katika chapa ya jiwe, aliyoivumbua Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, ambapo msanii hupitisha kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, na mafuta na maji hukataana. Hapo hakichongwi kitu, huchorwa. Wengine husema “mpigachapa” yatosha. Jina hilo lina mwenyewe: yupo Mpigachapa Mkuu wa Serikali, na kazi yake ni magazeti ya sheria, si mawimbi ya Hokusai.

Matumizi hayana ugumu: mchorachapa, wachorachapa, uchorachapa; kazi yenyewe ni chapa, na ile 4/20 husomwa “chapa ya nne kati ya ishirini.” Yatosha.

Haya yote niliyaandikia kamati moja inayohusika, kurasa sita, na nakala tatu kama walivyotaka. Baada ya miezi minane nilijibiwa kwa mstari mmoja: barua yako imepokelewa. Chini yake palikuwa na muhuri, umepigwa upande, wino umevuja, nusu ya maandishi haisomeki. Mchorachapa angeitupa karatasi ile na kuanza upya.